Nani ana haki ya kututawala? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi kuhusu uhalali wa utawala na uliberali

Maswali haya yameokotwa hapa hapa Lubumbashi: baada ya misa, ndani ya mabasi ya Kasapa, madarasani, na kwenye baa za Kamalondo ambako siasa haikosi. Nimeyaacha karibu kama yalivyoulizwa, pamoja na yale ya kukasirisha. Majibu ni yangu, na sijifanyi sina upande.

Mnaposema utawala una uhalali, mnataka kusema nini?

Nenda soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini, asubuhi. Kijana mwenye kitabu cha kwitansi anafika kwa mama muuza lengalenga, anadai ushuru wa meza. Mama analipa huku ananung'unika, anakunja kile kikaratasi, anakifunga kwenye ncha ya kitenge. Mchana anakuja mwingine, kavaa kofia ya polisi, hana karatasi yoyote, anataka chochote cha kunywea. Mama analipa vilevile, pengine kiasi kilekile.

Ukimtazama kwa mbali utasema ametii mara mbili. Lakini akija mtu wa tatu kudai ushuru wa meza, mama atafungua kitenge na kutoa kwitansi, na anatazamia ubishi uishie hapo. Kwa yule wa kofia hana cha kutoa. Huo ndio uhalali: anayeamuru ana sababu ambayo anayeamriwa anaweza kuikubali, na hata kuigeuza ikamfunga mwenye kuamuru. Utii wa woga huondoka pamoja na askari.

Wasomi wanapenda kugawa uhalali mafungu matatu kama alivyofanya Max Weber wa Ujerumani, yaani wa mila, wa mvuto wa mtu na wa sheria. Katanga, huku kwetu kusini mwa Kongo, imeyaona yote matatu, mara nyingine ndani ya serikali moja.

Na uliberali? Si ndiyo ile tabia ya kila mtu kufanya anavyotaka?

Jina hilo limechafuka, naelewa. Uliberali ninaouzungumzia hapa una madai manne tu. Mtawala ana mipaka. Mipaka hiyo imeandikwa, na yupo hakimu wa kuisoma bila kumwogopa. Dhamiri ya mtu, mwili wake na mali yake si vya serikali. Na anayeipinga serikali leo aamke salama kesho, na akishinda uchaguzi apewe kiti. Habari za ndoa, mavazi na soko huria watu huziongeza juu yake, na waliberali wenyewe wanagombana kuhusu hizo.

Mfalme anaweza kupendwa na watu wake bila kuwa mliberali hata kidogo. Kwa hiyo swali gumu ni kama utawala unaweza kuendelea kukubalika bila mipaka hiyo. Mimi naona unaweza kwa muda, na muda huo ukiisha bili inakuwa kubwa. Mifano yangu mingi nimeitoa hapa nyumbani.

Uliberali si uliletwa na wakoloni?

Walileta reli, kanisa na kiboko. Huo waliuacha kwao.

Katiba ya Ubelgiji ya 1831 ilikuwa kati ya katiba za kiliberali kupita nyingi za Ulaya wakati ule: bunge, magazeti huru, uhuru wa kuabudu. Mfalme Leopold II aliapa kuifuata, na kule Brussels amri yake haikuwa na nguvu mpaka waziri atie saini pembeni. Mtu huyohuyo alianza kutawala Kongo mwaka 1885 bila bunge, bila katiba, bila waziri wa kumshika mkono. Ubelgiji ilipoichukua nchi mwaka 1908 ilitunga Hati ya Kikoloni, na hati hiyo haikumpa kura mtu yeyote aliyeishi huku, hata Mzungu. Élisabethville, kama Lubumbashi ilivyoitwa, ilipiga kura ya kwanza Desemba 1957, ya komini peke yake, yaani halmashauri za mitaa ya mji, na wanaume peke yao. Miaka miwili na nusu baadaye tukaambiwa haya, endesheni jamhuri.

Hata wanafalsafa wao walitufungia mlango. John Stuart Mill, Mwingereza anayesifiwa kwa kutetea uhuru wa mtu, aliandika mwaka 1859 kwamba kanuni yake haiwahusu watu aliowaona bado hawajakomaa. Miaka mingi mshahara wake ulitoka Kampuni ya East India, iliyowatawala Wahindi bila kuwauliza. Anayesema leo kwamba uliberali ni wa Wazungu anarudia, bila kujua, maneno ya Mzungu aliyetaka kubaki nao mwenyewe.

Mababu zetu walikuwa na wafalme wenye mamlaka yote na nchi ilitulia. Kwa nini tusirudi huko?

Mamlaka yote? Tuwaangalie Baluba, maana ufalme wao ndio unaotajwa zaidi.

Masimulizi yao yanaanza na Nkongolo Mwamba, mtawala mwekundu, mlevi, mkatili, anayekula mbele za watu. Kutoka mashariki anakuja mwindaji, Mbidi Kiluwe, mtu wa adabu, ambaye hali chakula hadharani. Anazaa na dada wa Nkongolo. Mtoto wao, Kalala Ilunga, anakua, anapambana na mjomba wake, anamshinda, na ufalme wenyewe unaanzia kwake. Nkongolo hakupungukiwa nguvu. Kwa nini basi masimulizi yamemtupa? Kila aliyeyasikiliza tangu utoto alijua jibu: kuna namna ya kushika nchi, na yeye hakuwa nayo.

Kisha kulikuwa na Mbudye, chama cha wenye kumbukumbu, wanaume na wanawake. Hao ndio walioshika lukasa, kibao cha mbao cha kutosha mkononi, kimepigiliwa shanga na kauri au kuchongwa alama. Msomaji alikishika kwa mkono wa kushoto, akapitisha kidole cha kulia juu ya shanga, na kila shanga ikafungua habari yake: mfalme fulani, ziwa, safari, mwiko. Mfalme mwenyewe, mulopwe, alipaswa kuingizwa Mbudye na kufunzwa. Akipotoka, wapo watu waliojua kwa ufundi wao kile kilichowafanya waliomtangulia wakubalike, na walikuwa na mahali pa kukisema. Mtu akiniambia mipaka ya mtawala ni wazo la kigeni, namwelekeza kwenye kibao hicho. Vingine, kwa bahati mbaya, sasa viko kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani.

Lakini sitaki kupaka asali. Ufalme huo uliuza watumwa, na mtumwa lukasa haikumsaidia kitu. Mtu wa kawaida hakuwa na hakimu wa kumwendea dhidi ya mkubwa. Alichokuwa nacho ni miguu. Ardhi ilikuwa nyingi na watu wachache, na chifu aliyewaonea watu aliamka akakuta nusu ya kijiji wamehamia kwa jirani. Mkoloni ndiye aliyeuziba mlango huo: akamwandikisha kila mtu kwenye usultani wake, yaani eneo la chifu wake, akadai karatasi ya ruhusa kwa anayetaka kuhama, akamvika chifu medali. Tangu hapo chifu akaacha kuwaogopa watu wake, akamwogopa administrata. Wengi wanaotamani "enzi za wazee" wanatamani hii ya medali wakidhani ni ile ya lukasa.

Msiri je? Alichukua nchi kwa bunduki na leo watu wanawaheshimu wazao wake.

Kweli. Alitoka Unyamwezi, kwenye njia za biashara, akajenga ufalme wa Garenganze na mji wake Bunkeya kwa shaba, pembe, watumwa na baruti. Akaoa kwenye koo za wenyeji, akagawa vyeo. Mpaka mwisho wake baadhi ya waliotawaliwa naye, Basanga hasa, walikuwa wameasi. Tarehe 20 Desemba 1891 akapigwa risasi na kapteni Bodson wa msafara wa Stairs, uliotumwa na Leopold, baada ya kukataa kuwa chini ya bendera ya Leopold.

Muda hulainisha nguvu ikawa mila, hilo siwezi kulikataa. Ila angalia kilichofanyika ndani ya muda huo: Mwami Mwenda wa leo anatimiza desturi, anasuluhisha kesi, anafikiwa. Bunduki ya babu ingekuwa peke yake, jina lingekwisha.

Tumbo kwanza. Serikali ikilisha watu, kura za nini?

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote, na mji huu una haki ya kuliuliza, kwa sababu uliwahi kulishwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya Kibelgiji ya kuchimba shaba, ilichoka na vibarua wanaokuja na kuondoka. Ikataka mfanyakazi akae kambini na mke na watoto. Ikampa nyumba, mposho wa unga, zahanati, shule. Mtoto mchanga akawa anapelekwa kupimwa uzito, na mama asiyemleta akaulizwa. Wazee wa kambi bado wanakuambia kampuni njo baba, kampuni njo mama. Hawadanganyi. Wengi walikula vizuri kuliko wajukuu wao.

Sasa soma Desemba 1941. Bei zimepanda kwa sababu ya vita, wafanyakazi wanaomba nyongeza ya mshahara, wanagoma, wanakusanyika uwanja wa mpira wa Élisabethville. Askari wanafyatua. Makumi wanakufa, na msemaji wao Léonard Mpoyi akiwa kati yao. Baba anayelisha hakuwa na mahali pa kusikilizia mtoto anayedai. Huo ndio udhaifu wa kwanza wa utawala wa mposho: hauna sikio, kwa hiyo ombi na uasi kwake ni kitu kimoja.

Udhaifu wa pili ulikuja polepole. Gécamines, kampuni ya serikali, ilirithi migodi mwaka 1967 na ikarithi pia ule ubaba. Mwaka 1986 ilitoa shaba karibu tani 476,000. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Pesa za matengenezo zilikuwa zimekwishaliwa kwingine. Kufikia 1994 haikufika hata tani 50,000. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango ulioitwa wa hiari. Waliosaini walisaini kwa sababu walikuwa wanadai mishahara ya miezi na miezi. Sasa jiulize nani alijua, mwaka 1986, kwamba pesa ya mitambo inakwenda Kinshasa? Wahandisi walijua. Wahasibu walijua. Ila hapakuwa na gazeti la kuliandika wala bunge la kumwita mkurugenzi. Aliyetaka sufuria tu, bila haki ya kuchungulia jikoni, alikuja kugundua siku sufuria ilipokuwa tupu.

Watu wananitajia Singapore ya Lee Kuan Yew. Ni mfano wa kweli: nchi ilitajirika na upinzani ukabanwa. Lakini mahakama za biashara zilifanya kazi na mla rushwa alifungwa, yaani robo ya uliberali ilikuwepo tayari. Na si Waasia wote waliokubaliana naye. Kim Dae-jung wa Korea Kusini alimjibu hadharani mwaka 1994 kwamba Asia ina fikra zake za kale za kumwajibisha mtawala. Miaka minne baadaye akawa rais kwa kura.

Mobutu hakukosea: kijiji kimoja hakiwi na machifu wawili. Au?

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yake ya chama kimoja, na kwa nje ina sura ya kiafrika. Tatizo lake ni kwamba inamhesabu chifu na kuwasahau waliomzunguka: wazee, wenye kumbukumbu, mama wa mfalme, koo zinazoweza kuhama. Mobutu alichukua kiti cha chifu, akachoma viti vingine vyote.

Na matokeo yanachekesha kama hayakukuumiza. Katika uchaguzi wa rais wa 1970 alisimama peke yake. Karatasi ya kijani ya ndiyo, nyekundu ya hapana. Nchi nzima hapana zilihesabiwa 157. Kiongozi anayeletewa namba kama hiyo hajaambiwa kitu chochote kuhusu nchi yake. Hata kikao cha ukoo cha watu ishirini kuhusu mahari hakiishi kwa umoja namna hiyo.

Tarehe 24 Aprili 1990 alitangaza mwisho wa chama kimoja. Haikupita hata wiki tatu, usiku wa kuamkia Mei 12, wanafunzi wakavamiwa na kuuawa kwenye kampasi ya chuo kikuu cha hapa Lubumbashi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo. Hapo Ubelgiji ikasimamisha misaada.

Kama wengi wanataka jambo, si hiyo ndiyo demokrasia? Kuna haja gani ya mipaka?

Hapa naomba tuongee taratibu, kwa sababu jibu liko ndani ya familia zetu.

Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa kule Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa Katanga. Huku gavana Kyungu wa Kumwanza alikuwa na umati nyuma yake, vijana wa chama chake wakaingia mitaani, na majirani wenye asili ya Kasai waliozaliwa hapa, waliojenga reli na migodi kwa vizazi viwili vitatu, wakaitwa bilulu, wadudu. Likasi, kisha Kolwezi. Nyumba zikachukuliwa. Pale stesheni ya Likasi familia zililala miezi kando ya reli zikingoja treni ya Kasai, chini ya maturubai na mabati, na watoto wakafa kwa surua na kuhara. Waliofukuzwa walikuwa mamia ya maelfu.

Gavana alipendwa. Kura zingepigwa siku ile katika mitaa mingi, angeshinda. Kwa kipimo cha idadi alikuwa na uhalali wa kutosha na kubaki. Waliberali wanaposema kuna mambo ambayo hayapigiwi kura, wanaongelea stesheni ile. Waswahili walilisema kwa ufupi kuliko kitabu chochote cha falsafa: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni.

Kujitenga kwa Katanga 1960 kulikuwa halali?

Swali hili huvunja urafiki, nitalijibu haraka. Moïse Tshombe, kiongozi wa serikali ya jimbo, alikutangaza tarehe 11 Julai 1960. Chama chake, Conakat, kilikuwa na viti 25 kati ya 60 vya bunge la jimbo, na wananchi hawakuulizwa kwa kura ya maoni. Baluba wa kaskazini walipinga kwa silaha na vijiji vyao vikachomwa. Kodi za Union Minière zilimwendea yeye, maofisa wa Kibelgiji walimwongozea jeshi, na hakuna nchi hata moja iliyomtambua rasmi mpaka kujitenga kulipokwisha Januari 1963. Malalamiko kwamba mali ya Katanga inaliwa Kinshasa yalikuwa ya haki, na bado ni ya haki: katiba inaipa mikoa asilimia 40 ya mapato na magavana wanaisubiri tangu 2006. Lakini lalamiko la haki halikupi mamlaka juu ya jirani ambaye hakukuchagua.

Hatuwezi kuelewana tu kama wazee, bila vyama na matusi ya kampeni?

Mwanafalsafa wa Ghana Kwasi Wiredu alilitetea hilo kwa akili sana: Waashanti walizungumza mpaka wakafika mahali pamoja, na vyama vya kushinda-na-kushindwa vinawaacha wengine nje. Ninampenda, na nina wasiwasi mmoja. Kwenye kikao cha makubaliano, anayekataa hadi mwisho anafanywa nini? Kama anarudi nyumbani kwake salama, basi tuko pamoja. Nimekaa kwenye vikao vya familia ambako "tumekubaliana" ilimaanisha shangazi amechoka kubisha.

Labda tatizo ni utamaduni. Mwafrika hajazoea kuachia madaraka.

Panda gari mpaka Kasumbalesa, vuka mpaka. Balamba wako pande zote mbili. Balunda wako pande zote mbili. Mwata Kazembe wa Zambia anatoka kwenye shina lile la Mwant Yav, mfalme wa Balunda. Kibemba kinasikika sokoni hapa na kule. Damu ileile, mila zilezile, shaba ileile.

Mwaka 1991 Kenneth Kaunda, aliyekuwa ametawala miaka 27, alishindwa na Chiluba, akaenda televisheni kuwaaga watu, akaondoka Ikulu. Mwaka 2021 Lungu alishindwa na Hichilema, akamkabidhi. Zambia si peponi. Wapinzani wamefungwa huko mara nyingi tu, Hichilema mwenyewe akiwemo mwaka 2017. Lakini kama damu na mila ndizo zinazozuia, zingezuia pande zote. Tofauti iko kwenye majeshi, mahakama, vyama vya wafanyakazi wa migodi vilivyobaki na nguvu, na historia ya nani alizoea kumwambia nani hapana.

Na machifu hawakufutwa. Zambia ina Baraza la Machifu; Botswana inapiga kura tangu uhuru na bado watu wanakaa kwenye kgotla, baraza la kijiji, kumhoji waziri. Somaliland iliwapa wazee baraza zima la bunge, Guurti, tangu mkutano wa Borama 1993, na wazee hao waliituliza nchi. Kisha wakawa wanajiongezea muda wao wenyewe. Mvi pia zinahitaji tarehe ya mwisho.

Chifu wetu anauza parseli (viwanja) kando ya mji. Ana haki gani?

Chifu wa leo anasimama kwa miguu miwili: damu na karatasi. Kifungu cha 207 cha katiba kinatambua mamlaka ya mila ilimradi hayapingani na katiba, sheria na maadili, na sheria ya Agosti 2015 inaeleza hadhi yake. Ukoo unamtoa, serikali inamtambua kwa maandishi. Fujo zinaanza pale karatasi inapokwenda kwa ndugu mmoja na watu wanamfuata mwingine.

Ardhi, kwa sheria ya 1973, ni ya serikali. Sheria hiyo iliahidi amri ya rais ya kupanga haki za jamii kwenye ardhi ya mila, na amri haikutoka. Ndani ya pengo hilo ndimo parseli yako ilimouzwa mara tatu. Chifu anaweza kusema kwa mila nani analima wapi. Hati inatolewa na ofisi. Ukinunua kwake bila kupita ofisini, umenunua heshima yake, na heshima haipelekwi mahakamani.

Chifu akitaka kiti cha kuchaguliwa, agombee kama wengine. Kuna mlango mmoja wa pembeni: baadhi yao huingizwa bunge la mkoa bila kura, wasizidi sehemu moja ya kumi. Naona ni sawa, mradi ibaki moja ya kumi.

Uchaguzi ukiwa na walakini, serikali inakosa uhalali wote?

Januari 2019 maaskofu wa CENCO, baraza la maaskofu Wakatoliki wa Kongo, waliokuwa na watazamaji karibu 40,000 nchi nzima, walisema matokeo yaliyotangazwa hayalingani na takwimu zao. Serikali ikaapishwa. Je, mwalimu aache kufundisha, hakimu aache kuhukumu, wewe uache kulipa umeme? Hapana. Uhalali hauji wote wala hauondoki wote. Serikali iliyoingia kwa mlango wenye mashaka inaweza kupata sehemu kwa kuheshimu mahakama na kuondoka kwa wakati, na iliyoingia kwa mlango mweupe inaweza kuupoteza.

Ndiyo maana naona vifungu viwili vya katiba ya 2006 ni vya thamani kuliko hotuba zote. Cha 64 kinampa kila Mkongomani wajibu wa kumzuia anayechukua madaraka kwa nguvu au kuyatumia kinyume cha katiba. Cha 220 kinakataza kugusa idadi na urefu wa mihula ya rais, hata kwa marekebisho. Oktoba 2024 rais alisema akiwa Kisangani kwamba ataunda tume ya kuandaa katiba mpya. Wananchi wana haki ya kutunga katiba mpya, sibishi. Ninaangalia tu nani analipia kalamu, na kama muhula wake unaanza kuhesabiwa upya.

Na wenye silaha wanaoshika miji ya mashariki? Wanakusanya kodi, wanateua magavana.

Bukavu iliwahi kujibu hili. Kundi la waasi la RCD lilishika mji kuanzia 1998, likawa na bendera, ofisi na mhuri. Askofu mkuu Emmanuel Kataliko alihubiri dhidi ya uporaji kwenye ujumbe wake wa Noeli 1999; Februari 2000 wakamzuia kurudi mjini, wakampeleka Butembo. Makanisa yakafungwa, shule zikafungwa, watu wakakaa majumbani. Wenye bunduki walikuwa na kila kitu, isipokuwa watu wa kuwafuata. Goma na Bukavu tangu Januari na Februari 2025 ziko tena chini ya silaha, za waasi wa M23, na kipimo ni kilekile: anayekataa hapo anaamkaje kesho yake?

Mimi ni mtu mdogo. Haya yote yananihusu wapi?

Dai kwitansi, kila mara, hata kama ni faranga mia tano, na uitunze.

Siku ya uchaguzi usiondoke baada ya kupiga kura. Sheria inataka matokeo yabandikwe kwenye kituo. Piga picha karatasi hiyo ikiwa na saini za mashahidi, uilinganishe na yatakayotangazwa. CENCO ilifanya kazi hiyohiyo, kwa ukubwa zaidi.

Kama unaishi karibu na mgodi, sheria ya madini ya 2018 inailazimisha kampuni kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa ajili ya jamii, na asilimia 15 ya mrabaha iende kwa mamlaka ya eneo, yaani komini au usultani wenu. Kuna pia waraka wa ahadi za kampuni, ule wanaouita cahier des charges, uliosainiwa na watu waliosema wanakuwakilisha. Nenda komini uombe kuuona. Wakikuambia huo ni wa wakubwa, waombe wakuandikie hivyo kwenye karatasi, watie na mhuri.